Saa ya Nairobi imo mikononi mwa nani?

Mkenya anapoitazama saa kwenye simu yake, aghalabu hudhani kwamba saa hiyo imewekwa na kampuni iliyoiunda simu, au na kampuni ya mawasiliano, au pengine na serikali. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu. Ni kweli kwamba mtandao waweza kuiambia simu ni saa ngapi hivi sasa. Lakini maarifa ya kwamba Nairobi iko saa tatu mbele ya Greenwich, kwamba London husogeza saa zake mbele kila Machi na kuzirudisha kila Oktoba, na kwamba majirani zetu wa Sudan Kusini walirudisha saa zao nyuma kwa saa moja tarehe 1 Februari 2021, yamehifadhiwa katika faili chache za maandishi ambazo hazimilikiwi na kampuni yoyote. Simu za Android huzitegemea faili hizo, iPhone vilevile, na kompyuta zote zinazoendeshwa kwa Linux. Wanaozitunza ni watu wa kujitolea.

Siandiki haya kwa kuwa mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Nayaandika kwa sababu faili hizo zina funzo ambalo sisi wasomi wa Afrika Mashariki hatujalitilia maanani: kwamba msingi wa mitambo tunayoitumia kila siku hujengwa kwa hoja na ushahidi, kwamba mlango wa kuingilia humo u wazi kwa yeyote mwenye ushahidi, na kwamba asiyebisha hodi hana budi kukaa katika nyumba iliyopangwa na wengine.

Tuanze na istilahi. Programu huria ni programu ambayo maandishi yake ya asili, yaani msimbo, yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyabadilisha na kuyasambaza. Mfano mashuhuri ni Linux, kiini cha mfumo wa uendeshaji kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Leo kiini hicho ndicho kilichomo ndani ya kila simu ya Android. Lakini kiini peke yake hakitoshi. Kando yake zimo kazi nyingi ndogo za kukisaidia, ambazo hazisifiwi na mtu na hazionekani mpaka zinapoharibika. Hifadhidata ya kanda za saa ni mojawapo. Ilianzishwa katika miaka ya 1980 na Arthur David Olson, mfanyakazi wa taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, na kwa miaka mingi sasa imeratibiwa na Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Je, watu waliotawanyika duniani, wengi wao hawajapata kuonana, hushirikianaje katika kazi moja? Utaratibu wao ni rahisi kuueleza. Mtu akigundua kosa, huandika ujumbe wa kulieleza na kuambatanisha ushahidi: sheria, tangazo la serikali, au gazeti la wakati huo. Kisha hupendekeza kile wanachokiita kiraka, yaani orodha fupi ya mistari inayofutwa, kila mmoja ukiwa na alama ya kutoa, na mistari inayowekwa mahali pake, kila mmoja ukiwa na alama ya kujumlisha. Wengine hukisoma, hukihoji, huuliza chanzo chake. Mratibu akiridhika, kiraka hushonwa, na toleo jipya hutolewa likiwa na jina la mwaka na herufi. Hapaulizwi cheo cha mwandishi wala taifa lake. Kinachoulizwa ni kimoja tu: umeyajuaje haya? Mwanaisimu aliyewahi kutetea tasnifu yake mbele ya watahini atajihisi yuko nyumbani.

Tuangalie mfano unaotuhusu moja kwa moja. Wazee wetu waliokuwapo zamani za ukoloni waliishi kwa saa ambazo leo zingetustaajabisha. Mwaka 1908 utawala wa Himaya ya Afrika Mashariki uliamua kwamba saa ya nchi iwe saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Mwaka 1928 ikapelekwa saa tatu kamili, na mwaka 1930 ikarudishwa saa mbili na nusu. Mwisho wa 1936 ikawekwa saa mbili na dakika arobaini na tano, na ni katikati ya mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, ndipo tulipoifikia saa tatu tunayoitumia mpaka leo.

Kwa miaka mingi hifadhidata hiyo haikuyajua yote haya. Ilidai kwamba ile saa ya ajabu yenye dakika arobaini na tano ilidumu Kenya tangu 1940 hadi 1960. Kwa hesabu hiyo, kompyuta iliyoulizwa habari za mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 ingekosea kwa robo saa nzima. Mwaka 2020 mchangiaji mmoja alizipekua kurasa za Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, akayanukuu matangazo yenyewe kwa tarehe zake, na kuyapeleka. Kabla mwaka huo haujaisha, marekebisho yalikuwa yametolewa katika toleo jipya. Hakukuwa na mkutano wa kimataifa wala ufadhili. Palikuwa na mtu aliyesoma na mtu aliyesikiliza.

Hapa ndipo penye uchungu. Gazeti Rasmi ni letu. Limo katika maktaba za vyuo vyetu, na nyaraka zake zimo katika Hifadhi ya Taifa hapo Moi Avenue, mahali ambapo wanafunzi wetu wa historia hupita kila siku. Kosa hilo lilikaa wazi mbele ya macho ya dunia kwa miaka mingi, nasi tuliokuwa na dawa yake hatukujua hata kwamba kuna mgonjwa.

Huenda msomaji akasema kwamba robo saa ya mwaka 1950 haimpi mtu ugali. Ni hoja ya haki, na naijibu kwa mfano wa Lebanon. Mwezi Machi 2023, zikiwa zimesalia siku chache tu kabla ya saa kusogezwa mbele, Waziri Mkuu Najib Mikati alitangaza kwamba zoezi hilo lingeahirishwa hadi karibu na mwisho wa Ramadhani. Kanisa la Maroni na taasisi nyingine zikakataa. Kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili, na watu wakaulizana miadi ni kwa saa ya nani. Serikali ilipoubatilisha uamuzi wake, watunzaji wa hifadhidata walikuwa wamekwisha kutoa toleo moja la kufuata amri ya kwanza, ikawabidi watoe jingine la kuifuta. Tujiulize: lau jambo kama hilo lingetokea hapa kwetu, nani angewaarifu? Nani angekuwa amejenga nao uaminifu wa kutosha hata neno lake liaminiwe siku hiyohiyo?

Liko na jambo jingine lenye uzito zaidi. Mwaka 2014 watunzaji waliamua kuunganisha kanda kadhaa za Afrika ambazo saa zake zimekuwa sawa tangu 1970, kwa kuwa kumbukumbu za miaka ya nyuma zilikuwa za kutiliwa shaka. Kwa hiyo Kampala, Dar es Salaam na Mogadishu zikawa ni majina tu yanayoelekezwa kwenye Nairobi, na historia zao za kabla ya 1970 zikawekwa katika faili la pembeni ambalo mifumo mingi hailisomi. Kelele zilizosikika zilikuwa chache. Mwaka 2021 lilipotolewa pendekezo la kuzifanyia Oslo na Stockholm vivyo hivyo, zielekezwe Berlin, mabishano makali yalizuka. Hoja mojawapo ya waliolitetea ilikuwa kwamba si haki Ulaya ihifadhiwe kwa upekee wake ilhali Afrika imekwisha kuunganishwa. Mwaka 2022 muungano huo wa Ulaya nao ulifanyika.

Simlaumu mtu. Kanuni ilikuwa moja kwa wote. Lakini nasisitiza kwamba kumbukumbu hutetewa na aliyepo kikaoni. Historia ya saa ya Kampala na ya Dar es Salaam haikutupwa kwa chuki. Iliwekwa pembeni kwa kukosa ushahidi, na ushahidi ulikosekana kwa kukosa wa kuuleta.

Wala mtu asidhani kwamba nyumba hizi za watu wote ni imara daima. Mwaka 2011 kampuni ya Marekani ya programu za unajimu, Astrolabe, ilimshtaki Olson pamoja na Eggert, ikidai kwamba habari zilizotolewa katika atlasi yake ni mali yake. Kesi iliondolewa mwaka 2012 na kampuni ikaomba radhi, lakini kwa kitambo kazi yote ilikuwa hatarini, na ikabidi uangalizi wake ukabidhiwe ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti. Hatari mbaya zaidi ilidhihirika Machi 2024. Chombo kidogo cha kubana faili kiitwacho xz, kinachotumika katika mifumo mingi ya Linux, kilikuwa kikitunzwa na mtu mmoja aliyechoka. Mgeni aliyejiita Jia Tan alimsaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akapewa funguo, kisha akauficha humo mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za wengine. Aligunduliwa na mhandisi Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia katika kompyuta yake kumechelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Mwenye kubeba mzigo wa wote peke yake humpokea kwa furaha yeyote anayejitolea kumtua. Dawa ya hilo ni wasaidizi wengi zaidi walio waaminifu.

Nasi tuna cha kuchangia ambacho wengine hawana. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo: kile ambacho simu huandika kuwa 7:00, sisi twakiita saa moja asubuhi. Simu zetu haziijui hesabu hiyo, ingawa ipo hifadhidata nyingine huria, CLDR, inayohifadhi majina ya siku, miezi na nchi katika Kiswahili cha Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, nayo hupokea mapendekezo. Mhandisi wa California hawezi kulaumiwa kwa kutojua kwamba saa nne ya mchuuzi wa Gikomba ni saa kumi ya simu yake. Hilo ni jukumu letu.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, vyuo vikuu vyetu vikubali kwamba kiraka kilichothibitishwa kwa ushahidi na kupokewa na watunzaji ni kazi ya kitaaluma, kihesabiwe pamoja na makala za majarida pale mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo. Kimepitiwa na wajuzi, na wanaokitumia ni mabilioni ya watu, ilhali makala zetu nyingi husomwa na wahariri na waandishi wenyewe tu. Pili, idara za historia, isimu na kompyuta zishirikiane kuwapa wanafunzi mazoezi ya kweli: wapekue magazeti rasmi ya Uganda, Tanganyika na Zanzibar, waandike walichokipata, wakipeleke, wavumilie kuhojiwa. Mwanafunzi atakayeulizwa na mgeni asiyemjua, "umeyajuaje haya?", na akajibu kwa tarehe na ukurasa, atakuwa amejifunza maana ya usomi kuliko kwa mihadhara kumi.

Twapenda kulalamika kwamba teknolojia hutengenezwa ng'ambo na kutuletea mambo ya kigeni. Malalamiko hayo yana ukweli kwa bidhaa za makampuni yanayofungia msimbo wao kabatini. Kwa kazi hizi huria hayana mashiko, kwani hakuna aliyetufungia mlango. Safari ni ndefu kidogo tu kutoka rafu ya maktaba hadi kwenye kiraka, na wa kuitembea wapo katika madarasa yetu.