Jicho Zima, Ubongo Usioona

Kichanga aliyezaliwa na mtoto wa jicho hunyonya na kunenepa kama wenzake, hivyo si ajabu wazazi kungoja akue kidogo. Kungoja huko ndiko humpotezea uwezo wa kuona.

Sababu ilianza kufahamika mwaka 1963, David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard walipofunga kope za jicho moja la paka wachanga kwa miezi michache ya mwanzo. Zilipofunguliwa, jicho lilikuwa zima. Lakini seli za ubongo zilikuwa karibu zote zikiitikia lile jingine tu. Paka wakubwa waliofungwa vivyo hivyo hawakudhurika. Utafiti huo, mchungu kuusoma, uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Miunganisho ya neva hugombea nafasi: inayotumika huimarika, isiyotumika hunyauka.

Kwa ukungu mzito wa jicho moja, upasuaji hufaa zaidi mtoto akiwa na wiki 4 hadi 6 hivi. Kisha huvaa lenzi au miwani, na jicho zima huzibwa saa kadhaa kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Kazi hiyo ni ya mama na bibi zaidi kuliko ya daktari, na mtoto huipinga kwa machozi.

Mkunga amulikapo macho ya kichanga kwa ofthalmoskopu, hutarajia mng'ao mwekundu uliolingana. Weupe katika mboni wahitaji rufaa ya haraka, kwani waweza pia kuwa saratani ya jicho.