Programu Ikisema "Hapana", Nani Atamjibu Mteja?

Tuseme una duka la agroveti pale Wote. Mkulima wa maembe kutoka Kathonzweni anataka dawa ya kunyunyizia kwa deni, alipe wakati wa mavuno. Zamani ungefungua kitabu cha madeni, ukumbuke mwaka jana alilipa vizuri, mambo yaishe. Leo una programu ya kukadiria wateja. Unaingiza namba yake ya simu, programu inasema "hapana". Anakuuliza kwa nini. Utamwambia nini?

Swali hilo ndilo kiini cha sheria za akili mnemba, au AI kama wengi wetu tunavyoiita. Wafanyabiashara wengi tunaoongea nao Kitui na Makueni wanadhani hayo ni mambo ya kampuni kubwa za Nairobi, tena ya miaka ijayo. Ni kweli Mkakati wa Taifa wa AI wa 2025–2030 ulizinduliwa Machi 2025, na mkakati si sheria. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ilishaingia, na kifungu chake cha 35 kinahusu jambo hili hasa.

Kinasema mtu ana haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Kuna hali ambapo inaruhusiwa, kwa mfano akiwa amekubali mwenyewe, au uamuzi ukihitajika ili mkataba ufanyike. Hata hapo, lazima aambiwe kwa maandishi kwamba mashine ndiyo iliyoamua, na akiomba uamuzi uangaliwe upya na binadamu, ombi lake lishughulikiwe na apewe jibu.

Kwa Ukambani haki hii ina uzito wa pekee, kwa sababu ya vile pesa inaingia. Mkulima wa ndengu wa Zombe au Mutomo hapokei mshahara kila mwisho wa mwezi. Anapanda kwa mvua za vuli, anavuna mwanzoni mwa mwaka, na pesa inaingia kwa wiki chache. Halafu laini inanyamaza. Tangu M-Shwari ianze mwaka 2012, Wakenya wamezoea kupimwa kwa mienendo ya simu: pesa inaingia mara ngapi, inakaa muda gani, madeni ya nyuma yalilipwa lini. Kipimo kilichojifunza kutoka kwa watu wa mishahara kikiisoma simu ya mkulima huyu mwezi wa Septemba, kitaona mtu asiye na kitu. Kumbe ni msimu tu, na wewe jirani yake unajua. Ndiyo maana sheria inataka binadamu awepo.

Nje ya Kenya mwelekeo ni huo huo. Sheria ya AI ya Umoja wa Ulaya, iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 2024, inaweka mifumo ya kupima nani anastahili mkopo katika kundi la hatari kubwa.

Basi anza na daftari. Andika kila mahali programu inapoamua jambo kuhusu mtu: nani apewe deni, nani aitwe kazini, nani apewe bei gani. Kando ya kila uamuzi andika jina la mtu dukani mwenye uwezo wa kuubadilisha. Kama hakuna jina, hapo ndipo pa kurekebisha kwanza. Kisha muulize aliyekuuzia programu: inatumia data gani, na inazihifadhi wapi? Akizungukazunguka, tungekushauri usimlipe bado.

Jambo la pili linafanyika kila siku bila watu kufikiri. Unachukua orodha ya waliokulipa kwa simu, majina na namba zao, unaibandika kwenye programu ya AI ya kuchati ikuandikie meseji za matangazo. Mteja alikupa namba yake alipolipia unga. Hakukubali matangazo, wala hakukubali namba yake ipelekwe kwenye seva za nchi nyingine. Sheria inadai vyote viwili viwe na msingi. Futa majina na namba kabla ya kubandika. Programu itakuandikia tangazo zuri bila kumjua Mutua ni nani.

Faini zipo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, mkopeshaji wa mtandaoni, KSh 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia vitisho.

Kuhusu usajili: biashara yenye mauzo chini ya KSh milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 haihitaji kujisajili katika ofisi hiyo. Lakini zahanati, shule, hoteli, uchukuzi na huduma za kifedha zinajisajili hata zikiwa ndogo. Na asiyejisajili bado anafungwa na sheria yenyewe.

Ukiwa mteja, haki ni hiyo hiyo, hata kama aliyekunyima ni sisi. Omba kwa maandishi uamuzi uangaliwe na mtu, weka nakala ya meseji na tarehe. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Kamishna. Sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza.