Rangi Iwe ya Mwisho: Namna ya Kuandaa Mazingira ya Nje ya Nyumba Inayouzwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumba haiwezi kujitembeza. Husubiri mnunuzi aifuate ilipo, na kabla hajafunguliwa mlango huwa amekwishaizunguka. Katika mzunguko huo huona paa, kuta, mifereji, shimo la maji taka, uzio na njia ya kuingilia. Bei anayoitaja baadaye akiwa ameketi sebuleni mara nyingi huwa ameipima huko nje.

Familia nyingi huuza nyumba mara moja tu katika maisha, na kwa sababu nzito: matibabu, kugawana mirathi, ada za watoto au kuhama. Kwa kuwa fedha huwa haba na muda ni mfupi, kiasi kidogo kilichopo hupelekwa kwenye rangi, kwa sababu rangi huonekana upesi. Matokeo yake ni nyumba inayong'aa iliyosimama kwenye kiwanja chenye mgogoro, au ukuta mpya unaobabuka mvua za kwanza zinaponyesha. Makala haya yanaeleza mpangilio ulio salama zaidi: mipaka kwanza, maji pili, paa na kuta tatu, usafi na rangi mwisho.

Mipaka ionekane

Anayenunua nyumba hununua pia haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya muuzaji ni kuhakikisha kwamba kinachoonekana uwanjani kinalingana na kilichoandikwa kwenye nyaraka.

Katika kiwanja kilichopimwa, nyasi za pembeni zifyekwe mpaka bikoni zote zionekane. Mara nyingi bikoni hufukiwa na udongo, takataka au mizizi ya miti. Isipopatikana, mwenye nyumba asikisie mahali pake wala asisimike jiwe jingine. Kuhamisha au kuharibu alama ya upimaji ni kosa kisheria. Mpima ardhi ndiye mwenye uwezo wa kufufua mipaka kwa kutumia ramani ya upimaji.

Katika eneo lisilopimwa, muuzaji atembee mipaka yote pamoja na majirani na mwenyekiti wa kitongoji kabla mnunuzi hajaletwa. Michongoma, minyaa na mifereji inayotumika kama mipaka isafishwe ili iweze kufuatwa kwa macho. Jirani aliyeshirikishwa mapema huwa shahidi; aliyepuuzwa huweza kujitokeza siku fundi anapochimba msingi wa uzio, na wakati huo fedha imekwisha kutumika.

Hifadhi ya barabara nayo isihesabiwe kuwa sehemu ya kiwanja. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa barabara zinazosimamiwa na TARURA, vipimo vya eneo husika viulizwe katika ofisi zake. Alama ya X nyekundu iliyowekwa ukutani haifutiki kisheria kwa kupakwa rangi juu yake. Vivyo hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na fukwe.

Maji yapate njia

Adui mkubwa wa nyumba ni maji yasiyo na pa kwenda. Muuzaji hahitaji kifaa chochote kuyachunguza. Inatosha kuizunguka nyumba wakati mvua inanyesha, akatazama maji yanakoingilia, yanakotuama na yanakotokea.

Udongo unaozunguka msingi uinamishwe kwenda nje, kiasi cha sentimita 5 kwa kila mita 1. Penye uwezo, sakafu nyembamba ya zege kuzunguka msingi huzuia matone ya paa yasichimbe ardhi. Mifereji ya paa iondolewe majani, na maji yake yaelekezwe kwenye tangi au kwenye mtaro. Yasielekezwe kwa jirani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumuuzia mnunuzi ugomvi pamoja na nyumba. Mtaro wa barabara ulio mbele ya geti nao usijazwe kifusi ili gari lipite. Kivuko chenye bomba kiwekwe kwa maelekezo ya TARURA.

Shimo la maji taka liwe na mfuniko mzima na lisitoe harufu. Likiwa limejaa, linyonywe kabla ya wanunuzi kuanza kuja. Jambo zito zaidi ni shimo la zamani la choo lililoachwa. Kulifunika kwa mabati na udongo kidogo ni kuacha mtego ambao mtoto wa mwenye nyumba mpya anaweza kutumbukia. Shimo kama hilo lijazwe kabisa, lishindiliwe, na mahali lilipokuwa paoneshwe kwa mnunuzi.

Paa na kuta

Kwenye paa, misumari iliyolegea ikazwe au ibadilishwe, bati lililotoboka liondolewe, na mbao za ukingo zilizooza zibadilishwe. Doa la maji kwenye dari ya baraza humwambia mnunuzi kwamba paa linavuja hata kama siku hiyo ni ya jua kali.

Nyufa si za aina moja. Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye lipu pekee, hukwanguliwa na kuzibwa. Ufa mpana, unaopita ndani ya matofali au kushuka mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha, huweza kuwa ishara kwamba msingi umetikisika. Huo unahitaji fundi mwenye ujuzi kabla ya rangi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa uliofunikwa kwa rangi haujazibwa.

Ungaunga mweupe chini ya ukuta ni chumvi inayotolewa na unyevu. Dawa yake ni kuziba chanzo cha maji, kubandua lipu iliyolegea, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu mpya. Lipu mpya ipewe takriban wiki nne kabla ya kupakwa rangi. Kwa sababu hiyo, maandalizi yaanze wakati wa kiangazi.

Makaburi, miti na njia

Viwanja vingi vya familia vina makaburi. Yasafishwe, yaoneshwe wazi, na familia ikubaliane mapema kama yatabaki na ni nani atakayeruhusiwa kuyazuru. Hakuna mtu anayeruhusiwa kufukua kaburi kwa hiari yake. Utaratibu wa kuhamisha mabaki hupitia mamlaka zinazohusika. Mnunuzi anayegundua kaburi baada ya kulipa huona amedanganywa, hata kama hakuna aliyemwambia uongo.

Miti iliyoegemea paa ipunguzwe matawi. Mwembe au mnazi wenye afya usikatwe, kwa kuwa kivuli na matunda ni sehemu ya thamani ya kiwanja. Kama majirani hupita ndani ya kiwanja kwenda kisimani au barabarani, njia hiyo itajwe.

Usafi na rangi

Baada ya hayo yote, usafi ni kazi ya siku mbili au tatu. Vyombo vibovu, matairi na makopo yanayotunza maji viondolewe, kwani ni mazalia ya mbu. Geti lipakwe mafuta lisikwame, na kibao cha namba ya nyumba kiwe mahali pake ili mgeni afike bila kupotea. Kwa rangi, moja iliyotulia inatosha. Kuta ambazo hazijawahi kupakwa rangi ya mafuta zinaweza kupakwa chokaa kwa gharama ndogo.

Si lazima kujenga uzio mpya ili kupandisha bei. Uzio unahitaji kibali cha ujenzi, na hakuna uhakika kwamba mnunuzi atarudisha gharama yake yote.

Nyaraka ziende sambamba na uwanja

Mambo yaliyobainika nje, yaani makaburi, njia ya majirani, shimo lililofukiwa na miti, yaandikwe katika mkataba wa mauziano. Kodi ya pango la ardhi ilipwe, kwani deni lake hukwamisha uhamisho wa milki. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa mujibu wa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si na ndugu aliyebaki na funguo. Kwa ardhi ya kijiji yenye hakimiliki ya kimila, Halmashauri ya Kijiji hupaswa kuidhinisha uhamisho.

Mkazi anayekusudia kuuza nyumba anashauriwa kufika kwanza kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ambaye atamwelekeza katika ofisi ya ardhi ya Halmashauri. Aende na nakala za nyaraka alizonazo na majina ya majirani wanaopakana naye. Ziara hiyo ifanyike kabla ya kumwita dalali, na kabla ya kununua kopo la kwanza la rangi.