Utumishi wa Wapima Miamba



Mtu asimamaye juu ya kilima cha Kinyinya, hapa Kigali, mahali ambapo hadi mwaka 2015 palikuwa na kituo cha kurushia matangazo cha redio ya Ujerumani, huona vilima vikifuatana mpaka upeo wa macho. Askari huisoma ardhi hiyo kwa jicho la kazi yake: hapa pana mwinuko, pale pana bonde, kule pana njia ya kupita. Mtaalamu wa miamba huitazama ardhi ile ile akauliza swali lingine. Kwa nini vilele vimebaki juu, na mabonde yameliwa na maji? Jibu lake ni kwamba vilele vingi vimeshikwa na kwatzaiti, mwamba mgumu usiomomonyoka upesi, na chini yake imo miamba iliyo laini zaidi.

Miamba hiyo haijui mpaka wa nchi. Mkanda mmoja huo huo watoka Rwanda, wapita Karagwe nchini Tanzania, waingia Ankole nchini Uganda, na wataalamu huuita kwa majina hayo mawili, Karagwe na Ankole. Ndiyo maana atakaye kuwaheshimu wapima miamba wa sehemu zetu hana budi kupitia Entebbe.

Idara ya Jiolojia ya Uganda iliundwa mwaka 1919, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, E. J. Wayland. Ilikuwa idara ya serikali ya kikoloni, nayo haikuundwa kwa huruma. Wakoloni walitaka kujua ni mali gani iliyomo ardhini. Tusilifiche jambo hilo. Wala tusiwasahau wasaidizi na wapagazi Waafrika waliobeba mawe vichwani na kuonyesha njia, ambao wengi wao hawatajwi katika vitabu vya idara. Lakini kazi yenyewe ilibaki, na wananchi wakairithi.

Mwaka 1925 Wayland alitoa taarifa juu ya mafuta ya petroli. Ndani yake zilitajwa sehemu 52, katika bonde la Ziwa Albert, ambako mafuta yalikuwa yakijipenyeza yenyewe kutoka ardhini. Mwaka 1938 kisima kilichimbwa karibu na Butiaba. Kisha vikaja vita vikuu vya pili, na shauri hilo likalala. Mwaka 1983 na 1984 ndege zilipita juu ya bonde hilo zikipima nguvu ya sumaku ya miamba. Hatimaye, mwaka 2006, ikathibitika kwamba mafuta yapo kwa kiasi cha kufaa biashara. Tangu 1925 mpaka 2006 ni miaka 81. Aliyeiandika taarifa ile alikwisha kufariki zamani, na bendera ya serikali aliyoitumikia ilikwisha kushushwa. Karatasi ilisubiri.

Mwenzake, A. D. Combe, naye alitoa mwaka 1932 kitabu juu ya miamba ya kusini-magharibi mwa Ankole na nchi jirani, akieleza hasa habari za madini ya bati. Wachimbaji wa Rutongo na Rwinkwavu, hapa Rwanda, wanaifahamu bati hiyo kwa mikono yao.

Kazi hiyo hufanywaje? Mpimaji hutembea kwa miguu, kilima baada ya kilima, akiwa na nyundo, dira na daftari. Askari watamwelewa, kwa kuwa nao hufundishwa dira na ramani. Hupima mwamba umelalia upande gani na umeinama kwa kiasi gani. Huvunja kipande, hukitia katika mfuko, huandika namba juu ya mfuko, na namba hiyo hiyo huiandika katika daftari pamoja na mahali alipokiokota. Baadaye kipande husagwa kikawa chembamba hata mwanga ukakipenya, kikatazamwa kwa hadubini.

Hiyo namba ndiyo roho ya kazi yote. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi ni jiwe tu, sawa na kielelezo kilichofikishwa mahakamani bila maelezo ya kilikookotwa, hakimu atakitupa.

Polisi wanaopambana na magendo ya madini wana sababu yao ya kulijali jambo hili. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, iitwayo BGR, imebuni njia ya kuchunguza punje za koltani, bati na wolframu, kwa kuwa madini ya kila machimbo huwa na umri wake na mchanganyiko wake wa chembechembe, mfano wa alama za vidole. Shehena ikikamatwa, yaweza kulinganishwa na machimbo inayodaiwa kutoka. Lakini alama za vidole hazina faida pasipo daftari la kulinganishia. Daftari hilo ni vile vipande vilivyookotwa na kuandikwa namba na watu waliokuwa hawana haraka.

Basi afisa aliye kizuizini barabarani akimkuta mtu mwenye nyundo na gunia la mawe, ana haki ya kumwuliza vitambulisho, na ana haki ya kulifungua gunia. Tunamwomba jambo moja tu: asiyamwage mawe hayo chini kwa pamoja. Ayatazame moja moja, na kila jiwe alirudishe katika mfuko wake wenye namba yake.