KUTOKA KASULU HADI MASKATI: KIARABU CHA KITABU NA KIARABU CHA MASIKIO

  

Walimu wangu wameniomba niandike machache kuhusu masomo yangu huko Maskati, mji mkuu wa Oman. Nimekubali kwa sababu kila nirudipo likizo hapa Kasulu, na nikienda Kibondo kwa mjomba, vijana huniuliza maswali mawili tu. La kwanza, maghorofa yakoje? La pili, Kiarabu sasa unakimwaga? La maghorofa jibu lake ni fupi: Maskati si Dubai. Majengo yake mengi ni meupe na si marefu, yamejipanga baina ya bahari na milima ya mawe matupu. La Kiarabu jibu lake ni refu, na ndilo nililokusudia kulieleza.

Niliondoka hapa nikiwa nimekhitimu Qur-ani, nimesoma Safinatun Najaa na Ajurumiya, na katika Maulid nilikuwa nikipewa nafasi ya kuhutubia kwa Kiarabu. Nilijiona nimefika. Masomo yalikuwa ya ufadhili, lakini pasi ya kusafiria na gharama za kwenda Dar es Salaam na kukaa huko zilitoka kwenye maharage ya mzee wangu, magunia ya msimu mzima. Mama alinifungia sweta. Kasulu mwezi wa Juni sweta ni lazima. Maskati mwezi huo joto hupita nyuzi 40, na serikali huzuia vibarua wasifanye kazi juani saa za mchana. Sweta lile lipo sandukuni hadi leo.

Uwanja wa ndege afisa aliniuliza jambo, nikamjibu kwa irabu zote kamili kama mtu aliye juu ya mimbari. Alitabasamu. Akauliza tena kwa Kiarabu chao cha kila siku, sikuambulia hata neno moja. Kesho yake niliingia dukani kununua sabuni. Muuzaji alikuwa mtu wa Kerala, India, nikamsemesha Kiarabu, akanijibu Kiingereza. Kinyozi alikuwa Mbangladeshi. Watu wa huku wanadhani kwamba ukikaa Uarabuni Kiarabu kitakuingia chenyewe kama baridi. Wageni wanaofanya kazi katika miji ile ni wengi mno, na mtu anaweza kumaliza wiki nzima sokoni asihitaji Kiarabu.

Mtihani wa kwanza wa kusikiliza nilipata alama 31 katika 100. Pale nilipokuwa nasoma, mwenye kufeli mwaka wa maandalizi hurudishwa kwao. Usiku ule sikulala, nilikuwa nahesabu magunia ya maharage.

Tatizo nilikuja kulifahamu baadaye. Sisi madrasa husoma kitabu neno kwa neno, ustadh anafasiri kwa Kiswahili, nasi tunaandika maana chini ya mstari. Ni njia nzuri na imetoa masheikh. Lakini jicho ndilo linalofanya kazi, sikio halipati fungu lake. Nikiona sentensi ubaoni niliweza kuichambua fi'ili na faili. Mwalimu akiisema kwa kasi, ilikuwa imepita kabla sijapata hata mubtadaa.

Kilichoniokoa ni Kiswahili. Siku moja soko la Matrah, karibu na bandari, nilikuwa nikinong'ona bei peke yangu, nikasikia nyuma yangu: "Mwanangu, kwenu wapi?" Alikuwa bibi wa makamo ya juu, kajifunika kanga juu ya nguo zake. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba kama mtu wa hapa hapa. Niliposema Kigoma, aliuliza: "Miembe ya Ujiji ingali imesimama?" Baba yake alikuwa na duka Ujiji kabla hawajahamia Unguja, na yeye akiwa mtoto mdogo.

Ndugu msomaji, usistaajabu. Karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja, na misafara ya biashara ikitoka Bagamoyo, ikipita Tabora, hadi Ujiji. Kwa njia hiyo hiyo Uislamu ulisogea hadi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 Waarabu wengi wa Unguja walikimbia. Sultan Qaboos alipotawala mwaka 1970, Oman nzima ilikuwa na shule 3 tu za kisasa, akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga. Waliotoka Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, wakashika kazi za ualimu, hospitali na ofisi. Ndiyo maana majumbani mwao utakuta maandazi, na Kiswahili safi kinachowashinda vijana wetu wengi.

Bibi yule alinialika kwake kila Ijumaa. Yeye alinisemesha Kiswahili, wajukuu zake Kiarabu tu, na kwa haraka, wakinicheka bila huruma. Nikishindwa, bibi hufasiri. Baada ya miezi minne alama zikawa 68.

Ijumaa ya kwanza kwao niliaibika kidogo. Tulisali Magharibi msikiti wa mtaani. Imamu alipomaliza Al-Fatiha nikasema "Aamin" kwa sauti, nikajisikia peke yangu. Nikatupa jicho, wote wameshusha mikono. Wale ni Ibadhi, madhehebu yanayojinasibisha na Jabir bin Zaid, tabii aliyesoma kwa Ibn Abbas. Hawafungi mikono wala hawaitikii aamin katika Sala. Wamaliki wengi nao hushusha mikono. Hakuna aliyenigeuzia uso, na mjukuu mmoja alinieleza njiani kwamba Waomani wa Dhofar wengi ni Shafi kama sisi. Nilitamani ndugu zetu wanaogombana misikitini kwa qunuti wangekuwepo.

Neno moja kwa familia. Posho ya mwanafunzi inatosha chakula, vitabu na simu. Riali moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu, ndiyo, lakini sahani ya wali huko inalipwa kwa riali hiyo hiyo. Jamaa walinipigia simu wakitaka mabati, nami niliona haya kusema sina, nikakopa kwa wenzangu. Deni lile nimelilipa kwa mwaka mmoja na nusu. Mzee, aliyeuza maharage yake, hakuniomba hata senti.

Hadi nitakapoondoka, ustadh amenipa ruhusa kila Alhamisi jioni kukaa na darasa la juu. Nitasoma habari kwa Kiarabu bila kufasiri, nao wataandika walichosikia. Wiki iliyopita waliandika maneno manane kati ya hamsini, na mwenye manane hayo ni binti wa miaka kumi na mitatu.

Bibi ameagiza asali ya Kibondo. Mjomba amekwisha kunifungia madumu mawili.

Wabillahi tawfiq.