Siku mbili kati ya mawe mekundu

Kama umezaliwa Kisangani sawa mimi, jicho lako limezoea rangi mbili: majani ya pori, na maji ya mto yenye kufanana na chai. Jiwe tunaliona pale Wagenia, tena limelowa. Udongo mwekundu tuko nao, ndiyo, lakini uache pahali miezi miwili tu, majani yanaufunika. Kwa hiyo sikuwa tayari kwa kitu nilichokiona Kenya katika mwezi wa nane, mwaka 2018: mlima mzima uko uchi.

Nilikuwa nimeitwa kwa mkutano wa wachungaji kule Nakuru. Safari ya kufika, kupitia Beni, Kasindi na Kampala, nitaisimulia siku nyingine, maana ile ni habari ya matope. Mkutano ulipokwisha, zilibaki siku mbili mbele ya basi ya kurudi. Nilikuwa na apareyi yangu ya foto, ile ninayopigia foto za ndoa kanisani. Mchungaji mmoja wa pale akaniambia: «Ndugu, twende Naivasha nikuonyeshe Mlango wa Jehanum.» Nikacheka sana. Mchungaji anampeleka mchungaji mwenzake jehanum, na tunalipa kiingilio!

Lakini ndilo jina lake, Hell's Gate. Ni mbuga ya serikali tangu mwaka 1984, kilometa 68 za mraba tu, na mtu anaruhusiwa kutembea kwa miguu kati ya punda milia na twiga. Mlangoni wanakodisha baiskeli. Ni kama toleka zetu, ila huku abiria ndiye anayekanyaga.

Ukiingia, unakuta mnara wa jiwe umesimama peke yake, mita 25 hivi. Wazungu wanauita Fischer's Tower, juu ya Mjerumani Fischer aliyepita pale mwaka 1883. Wamasai wako na habari yao: msichana alikuwa anapelekwa kwa mume, akakatazwa kutazama nyuma, akageuka kuwaaga watu wa kwao, akawa jiwe. «Mke wa Loti!» nikasema. Kijana aliyetuongoza akajibu kwa upole: «Pasta, wachungaji wote wanasema hivyo.»

Nikupe siri ya foto, kama uko na apareyi ao telefone tu. Siku ya kwanza nilipiga foto saa sita ya mchana, zaidi ya 30, na zote zilikuwa zimekufa. Jua la utosi linalifanya jiwe jekundu lifanane na tofali la zamani. Nilirudi saa kumi na moja ya jioni, tena kesho yake saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, na baridi kali (Naivasha ni juu, karibu mita 1.900). Jua likiwa chini linaingia kwa ubavu, kila ufa unapata kivuli chake, na jiwe linawaka sawa makaa. Jambo la pili: weka mtu ndani ya foto. Bila mtu, jabali la mita mia moja na kichuguu ni kitu kimoja.

Wewe mchimbaji ungependa mawe ya pale kuliko mimi. Mengi ni kazi ya volkano. Kuna jiwe jeusi la kung'aa sawa chupa, linaloitwa obsidiani. Watu wa zamani walilichonga visu. Na pale Olkaria wanatoboa ardhi zaidi ya kilometa mbili kwenda chini, si kwa kutafuta dhahabu, bali mvuke wa moto, unaozungusha mashini ya umeme tangu mwaka 1981.

Siku ya pili tulishuka ndani ya bonde jembamba, Ol Njorowa. Mahali pengine unanyoosha mikono na kugusa kuta zote mbili. Maji yamezichonga kama mawimbi, nyekundu, manjano, nyeupe. Na hapa sheria ya jua inageuka: mchana ndio mzuri, kwa sababu mwangaza unapiga ukuta wa juu na kushuka taratibu mpaka kwako. Nilipiga magoti, nikasahau saa.

Kijana akatazama juu. «Pasta, tutoke.» Nikaomba dakika tano. «Hapana, sasa. Kuna wingu kule mbali.» Juu yetu mbingu ilikuwa safi! Nilikasirika, sitaki kukuficha. Nilipanda nikinung'unika, na kwa hasira nikageuka nikapiga foto moja ya mwisho bila kuchagua.

Alitueleza huko juu. Kwetu mvua ikinyesha, majani yanakunywa kwanza, kisha udongo, kisha kijito. Jiwe tupu halinywi. Mvua yote ya milima ya mbali inakimbilia ndani ya ule mfereji, na maji yanaweza kukukuta wakati jua liko kichwani mwako. Mwezi wa nne, mwaka 2012, kundi la vijana wa kanisa moja walikuwa chini mule. Saba hawakurudi.

Wewe unayeshuka shimoni Banalia ao Bafwasende, unajua maji kuliko mimi. Lakini motopompe inatoa maji yaliyokwisha kufika. Nani anabaki juu kutazama wingu la mbali, na akiita, munatoka ao munaomba dakika tano?

Tarehe 1 mwezi wa tisa, mwaka 2019, maji yalishuka tena. Watu saba walikufa, na mmoja wao alikuwa mwongozaji wa pale. Nilimwandikia yule ndugu mchungaji. Akajibu: «Si yule wetu.» Nilishukuru, kisha nikaona haya, maana alikuwa wa watu wengine.

Wageni wakifika nyumbani wanauliza sababu gani nimetundika foto ile ya hasira, isiyo nzuri: ukuta mwekundu, na fungu la matawi makavu limekwama kati ya mawe. Ninawaomba watafute kofia ya kijana yule. Iko chini kabisa, ndogo sawa punje ya mchele.