Noti ya zamani na toleo lake jipya: Je, mkusanyaji anahitaji zote mbili?

Si ajabu kukuta katika nyumba za Gitega au Muyinga noti ambazo hazinunui tena kitu chochote. Baadhi zimewekwa kwa makusudi ndani ya albamu na watu wanaopenda kukusanya fedha za kale. Nyingine zilisahaulika tu katikati ya kurasa za kitabu au chini ya nguo sandukuni. Kwa macho noti hizo ni sawa, lakini mwenye albamu anajua alichonacho, ilhali mwenye sanduku huenda akagundua siku moja kwamba akiba yake imegeuka karatasi.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali linalowasumbua wakusanyaji wa kila aina duniani. Kampuni za Marekani na Japani zinazotengeneza sanamu ndogo za mashujaa wa filamu hurudia kutoa shujaa yuleyule, safari hii akiwa na rangi nzuri zaidi na viungo vinavyokunjika vyema, nao wanunuzi hujiuliza kama yule wa zamani hatoshi. Mkusanyaji wa noti hukutana na swali hilohilo kila benki kuu inapotoa toleo jipya la noti aliyo nayo tayari. Kwa upande wa fedha, hata hivyo, jibu lina uzito zaidi. Sanamu ya zamani haiondolewi na sheria, bali noti ya zamani inaweza kuondolewa.

Siku kumi za Juni 2023

Warundi walilishuhudia jambo hilo mwezi Juni 2023. Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB) ilitangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 zingeondolewa katika mzunguko, na nafasi yake kuchukuliwa na noti mpya za thamani ileile. Wenye noti hizo walipewa siku 10 kuzipeleka benki. Lengo mojawapo lilikuwa kuzirudisha katika mfumo wa benki fedha nyingi zilizokuwa zikihifadhiwa majumbani.

Kwa mwenye akaunti mjini, zilikuwa siku za foleni na usumbufu. Kwa mfanyabiashara wa mpakani anayeshika faranga na shilingi kwa pamoja, kama ilivyo kawaida katika njia ya Kobero inayounganisha Muyinga na Tanzania, au kwa mkulima aishiye mbali na benki, muda huo ulikuwa mfupi mno.

Kenya ilipitia hatua kama hiyo mwaka 2019, ikiwa na muda mrefu zaidi. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilipewa miezi minne, kuanzia Juni hadi tarehe 30 Septemba. Hata hivyo, noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi, na thamani yake ilipita shilingi bilioni 7.

Toleo jipya linapokuwa na habari mpya

Je, mkusanyaji anahitaji matoleo yote? Jibu linategemea kile ambacho toleo jipya linakisema na la zamani halikukisema. Historia ya Burundi ina mifano miwili iliyo wazi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Burundi na Rwanda ziliendelea kutumia sarafu moja hadi mwaka 1964. Muungano huo wa fedha ulipovunjika, Burundi haikusubiri noti mpya kabisa zichapishwe. Noti za pamoja zilizokuwepo zilipigwa chapa ya neno BURUNDI juu yake, zikawa fedha ya nchi moja. Miaka miwili baadaye jambo hilo lilijirudia. Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero alimwondoa Mwami Ntare wa Tano na kutangaza jamhuri. Noti zilizokuwa na jina la Benki ya Ufalme wa Burundi zilipigwa chapa mpya ya kutaja jamhuri.

Mtu aliyekuwa na noti ya ufalme angeweza kudhani kwamba ile yenye chapa ni ileile iliyochafuliwa kwa wino. Kumbe wino huo ndio habari yenyewe. Noti isiyo na chapa inazungumzia ufalme, na yenye chapa inazungumzia siku ufalme ulipokoma. Zikiwekwa pamoja, zinaeleza kile ambacho moja peke yake haiwezi kukieleza. Hapo mkusanyaji ana sababu ya kutafuta zote mbili.

Linapobadilika jambo dogo tu

Mara nyingi mabadiliko huwa madogo zaidi. Mwezi Februari 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliingiza katika mzunguko noti ambazo sura, ukubwa na rangi yake vilikuwa kama vya zile zilizotangulia. Kilichobadilika ni saini, kwa kuwa sasa zilikuwa na saini ya waziri wa fedha Mwigulu Nchemba na ya gavana Emmanuel Tutuba. Noti zilizotangulia ziliendelea kutumika sambamba nazo.

Wapo wakusanyaji wanaofuata saini moja baada ya nyingine. Kwao noti hizo ni vitu tofauti. Lakini anayekusanya kwa ajili ya picha, au kwa kutaka kuwaonyesha watoto fedha walizotumia babu zao, hapotezi kitu akibaki na moja tu. Kununua kila saini kwa kuogopa kwamba albamu itaonekana pungufu ni kujitwisha mzigo ambao hakuna aliyemwagiza.

Yafaa pia kukumbuka kwamba uhaba ndio unaopandisha bei. Noti iliyochapishwa kwa wingi haiwi hazina kwa sababu tu imeondolewa katika mzunguko. Watu wengi wakiihifadhi kwa tamaa ya kuiuza baadaye, wauzaji huwa wengi na wanunuzi wachache. Noti nyingi za faranga 10,000 za toleo la 2018 zikiwekwa leo ndani ya bahasha haziwezi kulinganishwa na noti chache za mwaka 1964 zilizonusurika miongo sita ya kushikwa kwa mikono.

Sheria na soko

Kila nchi ina desturi yake kuhusu noti za zamani. Benki Kuu ya Uingereza hukubali daima kubadilisha noti zake zilizoondolewa. Marekani haijafuta noti zake za dola kwa sababu ya uzee. Lakini soko lina sheria zake, kwani maduka mengi ya kubadilisha fedha Afrika Mashariki hukataa dola zenye tarehe za zamani au huzinunua kwa bei ya chini. Kwa anayepokea fedha kutoka kwa ndugu walio ughaibuni, toleo jipya la dola ni hitaji halisi hata kama sheria ya Marekani haimlazimishi.

Kwa upande wa Tanzania, noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003 zilipewa muda wa kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Anayezikuta leo katika mali ya marehemu mzazi wake amekuta kumbukumbu badala ya akiba.

Mambo ya kuzingatia

Hatua ya kwanza ni kutenganisha akiba na mkusanyo. Fedha ya matumizi haipaswi kukaa ndani ya albamu, wala ya albamu kuhesabiwa kuwa akiba. Benki kuu inapotangaza toleo jipya, mambo mawili ya kuulizia mara moja ni kama noti za zamani zitaendelea kutumika, na kama sivyo, mwisho wa kuzibadilisha ni lini.

Hatua ya pili ni kutunza kile kilichopo. Kufua noti, kuipiga pasi au kuibandika gundi hupunguza thamani yake mbele ya mkusanyaji, na baadhi ya mifuko laini ya plastiki huharibu karatasi kadiri miaka inavyopita. Noti moja iliyotunzwa mahali pakavu pasipo jua kali ina faida kuliko matoleo matano yaliyokunjwakunjwa.

Mwisho ni kuandika pembeni noti ilitoka kwa nani na ilipatikana wapi. Toleo lolote linaweza kununuliwa tena likipatikana sokoni. Lakini maelezo kwamba noti fulani ilikuwa malipo ya kwanza ya babu kwa mavuno yake ya kahawa hayauzwi popote, na wanaoyajua wakiondoka, huondoka nayo.